Tarehe zenye kurudi kila mwaka: namna ya kuziweka ndani ya telefone ya kooperative

Kila kooperative iko na mutu mumoja mwenye kujua tarehe zote. Mara mingi ni sekretere, ao jeran, ao mama mumoja wa komite mwenye kichwa kizuri. Yeye ndiye anajua lini mukaguzi wa bio atafika, lini asamble jenerali inapashwa kuitwa, lini banki inangojea makuta yake, na lini mzee fulani anatimiza myaka sabini. Hiyo ni baraka, lakini ni hatari vilevile. Siku ile mutu huyo anagonjwa, ao anakimbia muji wake juu ya vita, sawa vile imekwisha kufikia jamaa mingi upande wa Beni na Lubero, tarehe zinaenda naye. Wenye kubaki wanakumbuka tu kwamba kulikuwa kitu cha kufanya mu mwezi wa tano. Kitu gani? Hakuna anayejua.

Na tarehe moja ikipotea inaweza kuleta hasara ya mwaka muzima. Tuchukue kahawa ao kakao yenye sertifika ya bio. Kila shamba la mwanamemba linapashwa kutembelewa na wakaguzi wa ndani wa kooperative kila mwaka, kisha shirika la inje lenye kutoa sertifika linakuja nalo kukagua. Kama kazi ya ndani haikumalizika, mukaguzi wa inje anakuta kaye ziko wazi. Sertifika ikipitisha tarehe yake, kahawa ile ile, iliyovunwa na mikono ile ile, inauzwa kwa bei ya kahawa ya kawaida. Mukulima wa Mutwanga ao wa Lubero hakukosea kitu chochote ndani ya shamba lake. Kilichokosekana ni mutu wa kusema miezi mitatu mbele: «Tuanze sasa.»

Telefone inaweza kusema neno hilo. Leo ndani ya kooperative nyingi za Butembo na Beni kuko hata smartifone moja, ya jeran ao ya kijana wa kontabilite. Ndani yake kuko programu ya kalandriye, ile yenye kuitwa «Agenda» kama telefone iko mu Kifaransa. Wengi hawajaifungua hata siku moja. Tutaonyesha namna ya kuitumia kwa tarehe zenye kurudi, na tutakaa zaidi mahali ambapo watu wanakosea, juu programu hiyo haina akili ya kutambua vile munafikiri. Inashika tu vile mumeiandikia.

Tarehe haziko za aina moja

Mbele ya kugusa telefone, muketi kwanza na kaye. Muandike kila kitu chenye kurudi kila mwaka ndani ya kooperative, kisha mujiulize juu ya kila kimoja: hii inarudi namna gani?

Kuko tarehe zenye kusimama pahali pamoja. Tarehe 30 mwezi wa sita ni sikukuu ya uhuru, tangu 1960, na haiwezi kuhama. Vilevile tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake. Tarehe 1 mwezi wa tano, siku ya kazi. Tarehe 1 mwezi wa nane, siku ya wazazi. Siku ya kuzaliwa ya mutu ni ya aina hii. Hizi ndizo nyepesi: munaandika mara moja, munasema «kila mwaka», basi.

Kuko zenye kufuata siku ya juma. Siku ya dunia yote ya kooperative haiko na tarehe yake: ni siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa saba. Katika 2026 inaanguka tarehe 4, katika 2027 tarehe 3, katika 2028 tarehe 1. Mukiandika «tarehe 4 mwezi wa saba, kila mwaka», mwaka wa kwanza mutakuwa muzuri, mwaka unaofuata mutafika kwa sikukuu siku ya yenga, watu wamekwisha kurudi nyumbani.

Kuko zenye kuhama kwa hesabu yao wenyewe. Pasaka ni tarehe 5 mwezi wa ine katika 2026, tarehe 28 mwezi wa tatu katika 2027, na tarehe 16 mwezi wa ine katika 2028. Idi ya ndugu zetu Waislamu inafuata mwezi wa mbinguni, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi ao kumi na moja. Hakuna namna ya kuiambia telefone «rudia Pasaka». Hizi munaziandika moja moja, za myaka miwili ao mitatu mbele, bila kurudia. Kazi yenyewe ni ya dakika tano.

Mwisho, kuko zenye kuhesabiwa kutoka tarehe ingine. Na hapa ndipo kooperative nyingi zinaumia, kwa hiyo tusimame kidogo.

Mufano wa asamble jenerali

Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inatuongoza hapa Kongo tangu inchi yetu iliingia OHADA katika 2012. Inaomba asamble jenerali ya kila mwaka ifanyike ndani ya miezi sita kisha mwaka wa hesabu kufungwa. Hesabu zikifungwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, miezi sita inaisha tarehe 30 mwezi wa sita. Muone mutego: siku ya mwisho ya sheria ni sikukuu ya uhuru! Hakuna mutu atakuja kusikiliza ripoti ya makuta siku ile. Tena wanamemba wanapashwa kupata mwaliko siku 15 mbele, hata kidogo. Muangalie pia statuti zenu, pengine zinaomba siku nyingi zaidi.

Kwa hiyo kuandika «asamble, mwezi wa sita» haitoshi. Shauri letu ni hili: asamble muiweke siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa tano, na kutuma mialiko muiweke siku ya posho ya kwanza ya mwezi ule ule. Hesabu inakubali kila mwaka. Katika 2026, ya kwanza ni tarehe 2 na ya mwisho tarehe 30: siku 28. Katika 2027, tarehe 1 na tarehe 29: siku 28 tena (lakini tarehe 1 ni siku ya kazi, basi mialiko itoke siku moja mbele). Katika 2028, tarehe 6 na tarehe 27: siku 21. Hamutashuka hata mara moja chini ya siku 15, na kunabaki nafasi ya kufikia wanamemba wa mbali, wale ambao rezo haifike kwao na mwaliko unaenda kwa miguu.

Kisha murudi nyuma tena. Mbele ya mialiko, hesabu sherti ziwe tayari. Mbele ya hesabu, kaye za kila muji ziwe zimekusanywa. Muandike «Kukusanya kaye zote» mu mwezi wa pili na «Komite ya udhibiti inasoma hesabu» mu mwezi wa tatu. Kila kimoja kinarudi kila mwaka, na kila kimoja kinajitegemea. Kwa nini tusitegemee kengele ya asamble peke yake? Juu mu Agenda ya Google, kengele haiwezi kulia zaidi ya majuma mane mbele ya siku yenyewe. Kitu chenye kuomba matayarisho ya miezi mitatu kinaomba tarehe yake kipekee.

Kuandika ndani ya telefone

Fungua «Agenda», finya alama ya kuongeza (+), chagua «Événement». Andika jina. Jina liwe lenye kusema kazi: «Tuma mialiko ya asamble» ni muzuri kuliko «Asamble», juu mutu mwengine atakayeisoma mwaka ujao atajua afanye nini. Finya «Toute la journée» ili iwe ya siku nzima. Chagua tarehe. Kisha utaona neno «Ne se répète pas», ni kusema hairudii. Finya pale, na orodha itafunguka: kila siku, kila juma, kila mwezi, kila mwaka, ao «Personnalisé».

Kwa siku ya kuzaliwa ao tarehe 30 mwezi wa sita, chagua kila mwaka. Ni hivyo tu.

Kwa siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa saba, kuko ugumu kidogo. Agenda ya Google, ukichagua kila mwaka, inashika tarehe tu, haishike siku ya juma. Njia ya kuzunguka ni hii: chagua «Personnalisé», andika irudie kila miezi 12 (usichague mwaka, chagua mwezi na uandike 12), na chini yake chagua «le premier samedi». Miezi 12 ni mwaka, lakini kwa programu haiko kitu kimoja! Ukichagua mwezi, inakupa ruhusa ya kusema «siku ya posho ya kwanza». Kwa asamble ufanye vilevile na «le dernier samedi».

Angalisho moja juu ya «ya mwisho». Siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa tano 2026 ni ya tano mu mwezi ule. Kama telefone inakuuliza uchague kati ya «ya tano» na «ya mwisho», chagua ya mwisho. Katika 2028 mwezi wa tano uko na siku za posho ine tu, na asamble yenu ya «siku ya posho ya tano» itapotea bila kelele, telefone haitasema neno.

Mutego ni ule ule kwa tarehe 31. Mutu mwenye kulipa deni la banki kila mwisho wa mwezi anaandika «tarehe 31, kila mwezi». Mwezi wa pili hauna tarehe 31, wala wa ine, wala wa sita, wala wa tisa, wala wa kumi na moja. Programu haipeleke kengele kwa tarehe 30 ao 28. Inaruka mwezi muzima. Programu nyingi zinafuata kanuni hiyo: tarehe isiyokuwako inarukwa. Kwa deni, muweke tarehe 25. Tena mwezi wa kwanza uko na sikukuu nyingi, tarehe 1, 4, 16 na 17, na siku hizo banki zinafunga mulango. Tangu 2023 kuko pia tarehe 6 mwezi wa ine, siku ya Kimbangu, ambayo kalandriye za zamani kwenye ukuta hazina.

Na kama deni ni la miezi 12, usiache irudie bila mwisho. Chini ya kurudia kuko nafasi ya kusema ikome kisha mara 12. Kengele yenye kulia juu ya deni lililokwisha kulipwa inafundisha watu kutosikiliza kengele.

Neno juu ya saa. Telefone inahesabu kama Wafaransa, kutoka usiku wa manane. Saa mbili ya asubui ni 08:00, saa munane ya mucana ni 14:00. Ukiandika 02:00 juu reunion ni saa mbili, telefone italia usiku saa munane na kuamsha nyumba nzima.

Saa ya Kasindi na saa ya Kinshasa

Hili ni jambo la kwetu kabisa, vitabu vya inje havilisemi. Butembo na Beni ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na nyuma ya Kampala kwa saa moja. Mwenye kushuka Kasindi kupeleka bidhaa anajua vile telefone inashika rezo ya Uganda hata mbele ya kuvuka mupaka. Na saa yake inaruka yenyewe. Kitu kilichoandikwa kwa saa ndani ya Agenda kinafuata: reunion ya saa ine (10:00) inaonekana ni saa tano (11:00). Wakati ni ule ule, ni maandiko tu yamegeuka, lakini mutu asiyejua anaanza kubishana na wenzake, ao anaandika upya, na akirudi Butembo saa zote zimeharibika.

Kwa hiyo tarehe zenye kurudi kila mwaka muziweke za siku nzima, bila saa. Siku nzima haihame ukivuka mupaka. Ile yenye kuomba saa, uandike saa hiyo ndani ya jina pia: «Reunion ya komite, saa ine ya Butembo». Na kama unachagua saa ya inchi kwa mukono ndani ya telefone, chagua Lubumbashi, usichague Kinshasa. Sisi wa mashariki tuko na saa ya Lubumbashi.

Siku za kuzaliwa

Wengine watauliza: kooperative inatafuta nini mu siku ya kuzaliwa ya mutu? Tunafanya biashara ya kahawa, hatuko jamaa. Ni kweli, lakini kooperative ni watu mbele ya kuwa magunia. Mama mwenye myaka sitini na tano ambaye prezida anamupigia simu asubui ya siku yake, hata dakika moja, hatauza kahawa yake njiani kwa mununuzi wa kwanza anayepita na makuta mukononi. Hatusemi kwamba salamu inalipa deni. Tunasema tu kwamba watu wanakaa pale wanapojulikana.

Telefone inashika siku hizo ndani ya jina la mutu, pale munapoandika namba yake. Fungua «Contacts», chagua jina, finya kurekebisha, tafuta «Anniversaire» ao «Date de naissance», na uandike. Agenda itaivuta yenyewe na kuirudia kila mwaka. Lakini muangalie: jina lililobakia kwenye karte SIM halina nafasi hiyo, SIM inashika jina na namba tu. Sherti muhamishe jina kwenye telefone ao kwenye konti ya Google. Na konti ndiyo muzuri zaidi, juu telefone ikiibiwa ao ikianguka mu maji, majina na siku zinarudi kwenye telefone mupya. Ukihamisha, futa lile la SIM, kama sivyo utakuwa na mutu mumoja mara mbili, na pengine siku yake mara mbili.

Sasa wazee wetu. Wengi walizaliwa wakati hakuna aliyeandika siku. Kwenye karte yao kunasomwa mwaka peke yake, ao tarehe 1 mwezi wa kwanza ambayo karani aliweka ili kujaza nafasi. Mukiingiza hizo zote, asubui ya mwaka mupya telefone itatangaza kwamba nusu ya kooperative imezaliwa siku moja! Tena kuna haya kidogo kumupigia mzee simu juu ya siku ambayo yeye mwenyewe anajua haiko yake. Kwa hao, mwaka muuandike kwenye nafasi ya «Notes», na nafasi ya siku muiache wazi. Ao mumuulize: «Baba, ungependa tukukumbuke siku gani?» Mumoja atachagua siku ya ubatizo wake, mwengine siku alipoingia kooperative, ambayo iko ndani ya rejista ya wanamemba. Hiyo tarehe ni ya kweli, na ni yake.

Mwenye kuzaliwa tarehe 29 mwezi wa pili naye anahitaji akili. Programu nyingi zinafuata ile kanuni ya kuruka, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe hiyo anaweza kungoja kutoka 2024 mpaka 2028 bila kengele hata moja. Mumuwekee tarehe 28 mwezi wa pili, na ndani ya maelezo muandike tarehe yake ya kweli.

Na watoto wanaozaliwa sasa, tusiwaachie shida hii ya wazee. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mutoto inaomba aandikishwe kwa ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Mwanamemba akipata mutoto tarehe 1 mwezi wa tatu, siku 90 zinaisha tarehe 30 mwezi wa tano. Muandike kengele moja, bila kurudia, kisha majuma mane, na ingine kisha majuma manane. Kisha siku hizo kupita, kazi ya kuandikisha inakuwa nguvu na inaomba makuta.

Kuko jambo lingine ambalo hakuna anayependa kulisema. Mwanamemba akifariki, telefone haijui. Mwaka unaofuata italia na kusema ni siku yake, na kijana wa kontabilite ambaye hakumujua atatuma salamu kwa namba ile, ambayo sasa iko mikononi mwa mujane. Komite ikirudi matanga, mutu mumoja afungue jina lile na kutoa siku ya kuzaliwa. Jina na namba musizifute, mujane atazihitaji wakati wa kuhamisha sehemu za marehemu.

Kugeuza moja bila kuharibu zote

Hapa ndipo hasara kubwa inatokea, na inatokea kwa kidole kimoja. Mwaka fulani asamble inahamishwa juma moja juu barabara imefungwa. Unafungua tarehe, unageuza, na telefone inauliza: «Cet événement», «Cet événement et les suivants», ao «Tous les événements»? Ukichagua ya kwanza, unageuza mwaka huu tu. Ukichagua ya pili, unageuza huu na yote inayokuja. Ukichagua ya tatu, unagusa hata myaka iliyopita.

Kwa kuhamisha mara moja, ni ya kwanza. Kwa kubadilisha desturi (komite imekata shauri kwamba tangu sasa ni siku ya ine ya juma), ni ya pili. Ya tatu, kwa kweli, karibu hamutaihitaji kamwe. Myaka iliyopita muiache kama ilivyo: siku mukaguzi atauliza asamble ya mwaka juzi ilikuwa lini, telefone itakuwa shahidi wenu. Maulizo ni yale yale wakati wa kufuta, na huko ni hatari zaidi. Mutu anataka kufuta reunion moja, anafinya haraka, na myaka kumi inaondoka.

Msimu wa mvula hauko siku ya kuzaliwa

Wakulima wamoja walianza kuandika «kupanda maharagi, tarehe 10 mwezi wa tatu, kila mwaka». Tunawaelewa, lakini hatukubaliane nao. Sisi tuko karibu kabisa na laini ya ekwata, na tuna vipindi viwili vya mvula: kampanya A, yenye kuanza kunako mwezi wa nane ao wa tisa, na kampanya B, kunako mwezi wa pili ao wa tatu. Lakini mvula haina kalandriye ya Google. Kipindi kinaweza kuchelewa majuma matatu, na Beni chini kwenye joto hakuko sawa na Butembo ao Lubero kwenye milima. Kahawa nayo inaiva vile inataka: robusta ya chini na arabika ya juu hazingojeane.

Chenye kurudi kila mwaka si kupanda, ni kuketi na kuangalia. Muandike «Komite inaangalia mvula na mbegu» mu juma la kwanza la mwezi wa pili na la mwezi wa nane. Siku hiyo munaamua, na tarehe ya kupanda munaiandika bila kurudia. Vilevile kwa kahawa: muandike siku ya kukagua mashini ya kuosha, mifuko na vitanda vya kukaushia, miezi miwili mbele ya wakati ambapo kwenu matunda mekundu yanaanza kuonekana. AVEC nazo ziko hivyo: kugawana kunakuja kisha karibu mwaka, lakini kila kikundi na mwanzo wake, na duru ingine inaweza kuanza kwa kuchelewa. Mukianza duru, muhesabu mupya.

Nani anaona?

Agenda inaweza kugawanywa: jeran anaandika, na prezida, sekretere na mama wa makuta wanaona kila mumoja kwenye telefone yake. Tunaipendekeza, juu inaondoa ule ugonjwa wa kichwa kimoja. Mega kidogo zinatosha, na kisha tarehe kufika kwenye telefone, kengele inalia hata bila rezo wala intaneti, kama batri iko na moto.

Lakini kuko tarehe ambazo hazipashwe kuandikwa wazi. Siku ya kulipa wakulima ni siku ambayo makuta mengi iko ndani ya nyumba moja. Katika sehemu zetu, habari hiyo ikitoka inaweza kuua mutu. Musiandike «Malipo ya kahawa, dolare, depo ya fulani». Muandike neno ambalo komite peke yake inaelewa, bila pahali na bila hesabu. Musiiweke yenye kurudi tarehe ile ile. Kila mara ihame kidogo. Musiitume mu grupu ya WhatsApp ya watu mia mbili. Tena mu mipangilio ya telefone, muzime maandishi ya kengele kwenye ekra iliyofungwa, kama sivyo mutu yeyote aliyeketi karibu nawe mu taksi anasoma. Siku za kuzaliwa na myaka ya wanamemba nazo ni siri yao. Mutu akisema hataki iandikwe, haiandikwe.

Na kaye ibaki. Mwezi wa kumi na mbili, komite iketi, isome Agenda ya mwaka unaokuja mwezi kwa mwezi kwa sauti, na sekretere anakili tarehe zote kwenye karatasi moja kubwa ya kubandika ofisini (zile za makuta hapana). Ni pale mutaona kwamba mukaguzi na asamble zimeanguka juma moja, ao kwamba sikukuu imekalia siku ya banki. Wenye telefone ndogo ya batoni wanaweza kuandika zao kwenye kaye, ao kuweka kengele moja moja kama telefone yao inakubali.

Kama hamuna nguvu ya kuingiza zote sasa, muanze na tano: kukusanya kaye, kutuma mialiko, asamble, ukaguzi wa ndani wa mashamba, na tarehe ambapo sertifika inaisha. Hii ya mwisho muiandike mara mbili, siku yenyewe na miezi mine mbele. Siku za kuzaliwa zinaweza kungoja mwezi ujao, isipokuwa ya prezida kama anapenda sana kukumbukwa.